Mama Mapafu Anaondoka, Nafasi Mbili Zinabaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkuu wa Maabara ya Ukuaji wa Mapafu, ambaye taasisi nzima kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi humwita Mama Mapafu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Anastaafu siku ileile ambayo sheria inasema astaafu. Kwa mgeni jambo hilo laweza kuonekana dogo. Sisi tunaofanya kazi humu tunajua kwamba mwaka huu lilikuwa vita, na aliyeshinda ni yeye.

Wasifu wa mstaafu kwa kawaida huwa ni orodha ya vyeti ikifuatiwa na keki. Tunaomba radhi kwa watakaoikosa orodha. Vyeti vyake vipo, vimejaa ukutani, na kimoja kimening'inia kichwa chini tangu chumba kilipopakwa rangi bila yeye kujali. Keki nayo ipo, na tutaeleza kwa nini nusura ikosekane. Lakini ukitaka kumjua mwanamke huyu, usiulize alisoma wapi. Uliza watafiti waliopita mikononi mwake waliondoka na nini.

Maabara yake iko mwisho wa korido ya chini, mkabala na chumba cha kufulia makoti. Dirisha moja halifungi sawasawa, limebanwa kwa karatasi iliyokunjwa. Kabati la joto, ambamo vipande vya mapafu hukuzwa kwenye visahani, mlango wake hufungwa kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Mlangoni pana kibao alichokiandika kwa mkono wake: UKIBAMIZA MLANGO, HADUBINI INATIKISIKA. HADUBINI IKITIKISIKA, NAMI NATIKISIKA. Wapya hukisoma wakacheka. Wakishaubamiza mara moja, hawacheki tena.

Kinachofanyika humo ni rahisi kukieleza na kigumu kukifanya. Pafu huanza kama chipukizi dogo lililotokeza kwenye mrija ndani ya kiinitete. Chipukizi hugawanyika likawa mawili, mawili yakawa manne, hivyo hivyo mpaka upatikane mti mzima wa njia za hewa, na kwenye ncha ya kila kitawi vifuko vyembamba vya kupitishia hewa kwenda kwenye damu. Nani huliambia chipukizi ligawanyike wapi? Nani huliambia sasa basi, matawi yametosha, anza kutengeneza vifuko? Mtoto anayezaliwa kabla ya siku zake huzaliwa kazi hiyo ikiwa nusu. Ndiyo maana anahema kama mtu aliyepanda mlima mbio, ilhali hajaenda popote.

Dada yake mkubwa anawajua watoto hao kwa kuwashika. Ni mkunga, na sehemu kubwa ya kazi yake ameifanya kwenye wodi ya watoto njiti. Miaka yote hiyo dada mtu hajaacha uchokozi wake. Familia ikikutana mezani, swali ni lilelile: "Haya, mdogo wangu, panya wako wameshapumua?" Na Mama Mapafu hujibu bila kuinua macho: "Wanapumua, dada. Wanakusalimu." Watu hucheka. Kicheko kikiisha, dada mtu huanza kueleza habari ya mtoto fulani aliyeingia wodini wiki ile, na mdogo mtu huacha kula akasikiliza. Maswali mengi ya maabara yalitoka kwenye meza ile. Wanaosema kwamba utafiti wa msingi ni anasa ya wenye shibe waalikwe siku moja wasikie. Wao ndio wanaomsimamia mkulima akipalilia na kumwuliza mbona chungu hakijachemka.

Alianza akiwa mtafiti wa baada ya uzamivu, na hali hiyo hatuna budi kuieleza kwa wasioijua, maana ndiyo kiini cha habari hii. Mtu amesoma hadi mwisho wa kusoma. Anaitwa daktari, mama yake anajigamba kwa majirani. Lakini hana maabara wala ajira ya kudumu. Anapewa mkataba wa miaka miwili mitatu kwenye maabara ya mtu mwingine, afanye utafiti na kuonyesha kwamba anaweza kusimama peke yake. Akipata msimamizi mwema, hakuna kipindi kizuri zaidi katika maisha ya mwanasayansi. Akipata mbaya, ni utumwa uliovishwa koti jeupe: mikono ni yake, macho ni yake, Jumapili zinazoliwa ni zake, na mkataba ukiisha kila kitu kinabaki kwa bwana mkubwa. Kwenye korido zetu watafiti hawa huitwa wapangaji, na jina limewakaa. Wanahama wakiacha hata pazia.

Yeye alikuwa mpangaji kwenye maabara ya mbali. Alichunguza kwa nini pafu la kushoto la panya halitoi matawi kama la kulia, ingawa yote mawili huanza kwa namna moja. Akaanza kuona njia. Mkataba ulipoisha, msimamizi alimpa mkono, akamsifu mbele ya watu, kisha swali lake akalikabidhi kwa mtu mwingine aliyeingia mlangoni wiki iliyofuata. Mama Mapafu alirudi kwao na begi la nguo na sifa. Sifa haziwekwi chini ya hadubini. Mumewe, fundi seremala, ndiye anayesimulia kwamba kwa muda mrefu mkewe hakutaka hata kulisikia neno pafu. Alishinda karakanani akimsaidia kupiga msasa meza. Meza mbili kati ya hizo zimo maabarani hadi leo, na ndizo pekee zisizoyumba.

Alipopewa maabara hapa, kanuni ya kwanza aliyoiweka haikuwa ya usalama wala ya usafi. Ilikuwa hii: anayezaa swali huondoka na mwanawe.

Mpangaji mpya hagusi kitu siku yake ya kwanza. Hukalishwa mbele ya hadubini, akawekewa kisahani chenye pafu la kijusi cha panya, dogo kuliko punje ya mchele, akaambiwa atazame hadi adhuhuri. Halafu Mama Mapafu huvuta kigoda akamwambia: "Haya, niambie usichokielewa." Wengi huanza kueleza wanachokielewa, kwa maneno marefu waliyoyalipia ada. Yeye husikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Ahsante, daktari. Sasa niambie usichokielewa." Mmoja alikasirika, akasema hakuja hapa kufanyiwa mtihani wa chekechea. Akajibiwa kwamba mtoto wa chekechea angekuwa ameshajibu. Alikaa hadi mwisho wa mkataba wake, na leo kwenye maabara yake mwenyewe anawakalisha watu vilevile.

Na siku ya kuondoka kuna droo. Kazi hii hufanywa kwa vibanio vya chuma vyenye ncha nyembamba kama unywele. Kwa ncha hizo pafu hutolewa kwenye kifua cha kijusi bila kuchanika. Kibanio kizuri ni kama kisu kizuri cha jikoni: kila mtu anajua ni kipi, na kila mtu anakificha. Mpangaji anayeondoka hufunguliwa droo mbele ya wote achague kimoja, chochote atakacho, hata kile anachokipenda mkuu mwenyewe. Akishakichukua, hutaja kwa sauti swali analoondoka nalo. Tangu hapo hakuna mtu wa maabara hii anayeligusa bila ruhusa yake. Ndivyo ilivyo, bila muhuri wala saini. Desturi hiyo imewafanya wakuu wa maabara nyingine wakune vichwa, na imemfanya Mama Mapafu afanye kazi kwa vibanio vya daraja la pili karibu maisha yake yote.

Kisa cha Nuhu hatuwezi kukiruka, ingawa Nuhu mwenyewe, ambaye sasa ni mkuu wa maabara yake na ana mvi, ametusihi tukiruke.

Alikuwa mpangaji mwenye huruma nyingi. Sasa, vipande vya mapafu havizamishwi. Hulazwa juu ya utando mwembamba uliotandazwa kwenye maji ya lishe, chini vikanywa, juu vikapata hewa. Ijumaa moja, akiwa mbioni kwenda kwenye harusi ya binamu yake, Nuhu alivitazama visahani akaona maji ni machache. Moyo ukamwuma. Wikiendi nzima bila mtu, si vitashinda njaa? Akaviongezea. Akaviongezea tena, kama mama anayempakulia mwana wa pekee. Jumatatu ikakuta gharika. Kila kipande kilikuwa chini ya maji, na kazi ya miezi imezama nacho. Jina lilipatikana kabla ya chai ya saa nne. Fundi sanifu wa maabara alisimama mbele ya kabati, akatikisa kichwa, akasema: "Nuhu wa kwanza aliokoa viumbe. Huyu wetu amewazamisha."

Nuhu alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake. Mama Mapafu alimkuta kwenye sinki, kisahani cha kwanza mkononi tayari kuoshwa, akamshika kiwiko.

"Umewatazama?"

"Mama, wamekufa."

"Sikuuliza kama wamekufa. Nimeuliza kama umewatazama."

Wakavitazama, wakipokezana kwenye hadubini. Havikuwa vimekufa. Vipande vilivyozama vilikuwa vimetoa matawi mengi kuliko vile vya wiki za nyuma, vilivyokaa kwa raha zao juu ya utando. Mtu mwepesi angetangaza siku hiyohiyo na kupigwa picha. Yeye alimfanya Nuhu airudie gharika kwa makusudi, tena na tena, mpaka akaichukia harufu ya maji ya lishe: mara lishe nyingi bila kuzamisha, mara kuzamisha bila lishe ya ziada, mara bila kuzamisha kabisa ila hewa imepunguzwa kabatini. Jibu likaja polepole. Haikuwa shibe. Ilikuwa uhaba wa hewa. Na ukifikiri utaona lina mantiki, maana kijusi hakikai hewani. Pafu hujijenga gizani, majini, kwenye hewa haba, na huenda hewa tele inayomlaki njiti ni mgeni aliyebisha hodi kabla nyumba haijaezekwa.

Jioni ya siku jibu lilipothibitika, dada mkunga alipigiwa simu. Hakutania. Aliuliza: "Kwa hiyo hewa ninayowapa, huenda ninawapa nyingi mno?" Mdogo mtu akasema hajui, na hakuna ajuaye. "Basi atafutwe wa kujua," dada mtu akasema, akakata simu.

Mkataba wa Nuhu ulipokaribia kwisha, mkurugenzi wa wakati ule, ambaye wafanyakazi walimwita Komeo kwa sababu hakuna kilichotoka mikononi mwake, aliitisha kikao. Hoja yake haikuwa ya kijinga, na tunaiweka hapa kama alivyoisema. Swali limezaliwa kwa hadubini ya taasisi, kwa umeme wa taasisi, kwenye kabati la taasisi. Kwa nini liende nje? Mama Mapafu alimsikiliza kwa adabu ileile anayowapa wapangaji wapya, kisha akauliza: "Na mtoto akizaliwa hospitali, mkurugenzi, huwa anabaki hospitali?" Kikao kilikwisha kwa kicheko, na Komeo, tumpe haki yake, alicheka kuliko wote. Lakini hakukubali kulipoteza kabisa. Akamwambia sawa, kijana aende nalo, nawe endelea nalo hapahapa. Mama Mapafu alikuwa na vifaa na jina. Angemtangulia Nuhu kabla Nuhu hajapata hata meza ya kuwekea hadubini. Hakuna sheria iliyomzuia.

Mama Mapafu alifungua droo. Nuhu akachukua kibanio kilichokuwa bora kuliko vyote, akataja swali lake kwa sauti, na maabara hii haijaligusa tangu siku hiyo.

Hasara ilikuwa kubwa, na tusiifunike kwa maputo ya sherehe. Tuzo zilizofuata zilikwenda kwa Nuhu. Mialiko ilikwenda kwa Nuhu. Kuna watu kwenye jengo hili, na baadhi watakuwa safu ya mbele siku ya sherehe, waliosema kwamba mwanamke huyu hajui kulinda mali yake. Tunawajibu leo, maana wamesubiri kwa muda mrefu. Angelibana swali lile, lingekuwa na mtu mmoja mwenye kazi nyingine kumi. Aliliachia, na sasa lina maabara nzima, lina wapangaji wake, na lina wodi za watoto njiti zinazoshirikiana na Nuhu kupima hewa ipunguzwe kiasi gani, kwa mtoto yupi. Kazi haijakwisha. Lakini inafanywa, na wanaoifanya ni wengi. Anayeita hiyo hasara akapimwe macho.

Tena anaweza kupimwa na mmoja wetu, kwa sababu si wote waliopita kwa Mama Mapafu waliobaki kwenye sayansi. Mmoja aliacha akafungua duka la miwani. Naye alifunguliwa droo kama wenzake. Kibanio chake anakitumia kushikia skrubu za fremu, na anasema hakuna duka mjini lenye kibanio kama hicho.

Tusimfanye malaika, asije akatucheka. Hajui kurudisha gari nyuma. Miaka yote mlinzi wa getini ndiye amekuwa akimgeuzia, na ameapa kuomba nyongeza ya mshahara. Hutafuta miwani iliyo kichwani mwake na kuwashuku wengine. Akiudhika huimba, na sauti hiyo imewahamisha watu wa chumba cha jirani mara mbili. Aliwahi kumtoa mgeni rasmi maabarani kwa kuingia na kikombe cha kahawa, na alipoambiwa yule ni nani, alisema basi kahawa yake nayo itakuwa rasmi, isubiri nje.

Sasa tuje kwenye vita vya mwaka huu.

Maabara yake ina nafasi mbili za watafiti wa baada ya uzamivu, na fungu la fedha linaloziendesha ni moja. Mwaka jana uongozi ulimwita, ukampa chai, ukamweleza kwa upole. Anaweza kubaki kama mshauri mwandamizi kwa miaka mingine mitano. Chumba chake, hadubini yake, jina lake mlangoni. Fungu lile litamgharimia yeye, na nafasi za wapangaji zitafungwa. Au astaafu, nafasi zitangazwe. Vyote viwili haviwezekani.

Tunawajua wakubwa wengi wa sayansi waliowekewa uchaguzi kama huo, na tunajua walichochagua. Wameng'ang'ania viti kama chawa kwenye mshono, wanaitwa hazina, wanatoa nasaha kuhusu umuhimu wa vijana, na vijana wenyewe, wenye uzamivu wao, wanauza vocha za simu. Kila mwaka tunafanya kongamano kujiuliza watafiti wetu wanakwenda wapi. Hawaendi popote. Tumewakalia.

Lakini tusiseme kwamba kwake uchaguzi ulikuwa mwepesi. Alitaka kubaki. Swali la ujanani mwake, lile la pafu la kushoto aliloporwa, alikuwa amelirudia miaka ya karibuni baada ya kulikwepa maisha yake yote. Yule aliyepewa wakati ule alilitelekeza zamani, na yeye akaliokota kama mtu anayekutana njiani na mwanawe aliyepotea. Na lilikuwa limeanza kujibu. Miaka mitano ingetosha. Mumewe naye alitaka abaki. Alisema mkewe akiletwa nyumbani ataanza kuhesabu matawi ya miti ya jirani. Watoto wao walisema, mama, umewapa wengine ya kutosha, jipe na wewe. Wiki nzima korido ilisikia akiimba, na hakuna aliyethubutu kugonga mlango.

Kisha akaenda kuwaambia viongozi kwamba anastaafu siku yake.

Wakafurahi, wakamshukuru, wakaanza kuchelewesha mambo. Rasimu ya tangazo la nafasi ilirudi kwake ikiwa imekatwa sentensi ya mwisho, ile inayosema kwamba mtafiti ataondoka na swali alilolizaa. Akaambiwa hiyo si lugha ya matangazo ya kazi. Akaambiwa desturi njema si lazima iandikwe. Tunaijua hoja hiyo. Desturi isiyoandikwa huondoka na mwenye nayo. Siku anapotoka getini, Komeo mwingine anaingia kwa mlango wa nyuma. Naye alijua. Hakupiga kelele. Alituma ujumbe mfupi kwa kamati ya sherehe: "Hakuna sentensi, hakuna keki."

Walidhani anatania. Viti vilikuwa vimeshakodiwa, wageni wameshaalikwa, na mgeni rasmi ameshaandikiwa hotuba ya kumsifu. Lakini mtu anayeagwa asipokuja kuagwa, sherehe inakuwa ya nani? Ilisogezwa mara ya kwanza. Ilisogezwa mara ya pili. Programu mliyoishika mkononi ilichapishwa upya, na ile ya zamani sasa inafutia meza kantini. Kila alipoulizwa atakuja lini, alisema yuko tayari hata sasa hivi, viatu anavyo.

Jumatatu ya wiki hii, asubuhi, tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa korido na kutumwa kwenye vyuo. Nafasi mbili za utafiti wa baada ya uzamivu katika biolojia ya ukuaji wa mapafu, mkataba wa miaka mitatu. Uzoefu wa mapafu si lazima. Aliyechunguza namna mizizi ya mimea inavyogawanyika anakaribishwa kama aliyechunguza panya. Na mwishoni, kwa herufi zilezile kama masharti mengine, sentensi ipo. Fundi sanifu aliisoma kwa sauti, kisha akaisoma tena kwa wale waliokuwa chumba cha kufulia.

Mchana wa siku hiyo tulikusanyika maabarani. Nuhu alikuja. Dada mkunga, ambaye amestaafu lakini bado hujitolea, alikuja na viatu vya wodini bado miguuni. Mumewe alikaa kwenye moja ya meza zake, akiipapasa pembeni kuona kama imelegea. Kwa kuwa safari hii anayeondoka ni mkuu, fundi sanifu ndiye aliyevuta droo, akasema kwa sauti ya kikao: "Mama, chagua. Kisha utuambie unaondoka na swali gani."

Kulikuwa na vibanio vipya viwili, ncha zake hazijaguswa. Aliviinua, akavitazama kwenye mwanga wa dirisha, akavirudisha. Akatoa kimoja cha nyuma kabisa, ncha imepinda, kile alichokiangusha Nuhu wiki ya gharika.

"Hiki," akasema. "Mjukuu wangu haishiwi miiba mguuni."

"Na swali?" akauliza Nuhu.

"Swali la pafu la kushoto linabaki. Atakayekuja alikute mezani, akilitaka."

"Mama, kanuni ni yako mwenyewe. Anayezaa huondoka na mwanawe."

"Ndiyo. Lakini sikukataza kumwozesha."

Dada mtu akadakia kwa swali lake la miaka yote. "Haya, mdogo wangu. Panya wako wameshapumua?"

"Wanapumua, dada," akajibu, akifuta miwani kwa ncha ya koti. "Sasa zamu yangu."

Mama Mapafu, taasisi inakushukuru, na wapangaji wako waliotawanyika wanakushukuru kwa namna wanavyowatendea wapangaji wao. Tunakuombea siku ndefu zenye afya, bustani yenye matawi ya kutosha kuhesabu, na mjukuu mwenye miiba michache. Vibanio viwili vipya vimo kwenye droo vikiwasubiri wenyewe. Kibao chako hatukiondoi, na mlango hatutaubamiza.